Maswali ya Wasomaji: Mshahara na Mafunzo ya Koroneri wa Kaunti na Manaibu Wake

Barua za toleo hili zote zimetoka Marekani, kwa wasomaji wanaofanya kazi hospitalini, kwenye magari ya wagonjwa na katika vyumba vya maiti. Zote zinauliza juu ya kazi moja: koroneri, yaani ofisa wa kaunti anayechunguza vifo vya ghafla, vya ajali, vya kujiua, vya kuuawa, na vile ambavyo hakuna daktari aliye tayari kuvitilia saini. Barua zinazofanana tumeziunganisha. Kabla ya majibu, msomaji ajue kwamba hakuna sheria moja ya Marekani nzima kuhusu kazi hii. Kila jimbo lina sheria yake, na ndani ya jimbo kila kaunti ina mfuko wake. Jibu la Ohio ukilipeleka Georgia litakupoteza.

Swali: Mimi ni muuguzi, raia wa Marekani, na huu ni mwaka wa tano naishi Kentucky. Mwenzangu kazini anasema koroneri si lazima awe daktari. Asiye daktari ataandikaje sababu ya kifo? (Muuguzi, Louisville)

Dada, mwenzako amesema kweli. Katiba ya Kentucky, kifungu cha 100, inamtaka anayegombea ukoroneri awe ametimiza miaka 24, awe raia, awe ameishi jimboni miaka 2 na katika kaunti yenyewe mwaka 1 kabla ya uchaguzi. Shahada ya udaktari haimo. Kaunti ziko 120, na nyingi ni ndogo. Ingetakiwa kila moja impate daktari wa kugombea, viti vingine vingebaki vitupu.

Kuhusu sababu ya kifo, koroneri asiye daktari hapasui maiti. Yeye huchunguza mahali, hukusanya historia ya ugonjwa, huchukua sampuli za damu na mkojo kwa ajili ya maabara ya sumu, kisha huamua: je, kifo hiki kinaelezeka kwa ushahidi uliopo, au mwili uende kwa mpatholojia, daktari anayepasua maiti? Uamuzi huo ndio moyo wa kazi. Ukikosewa, mwili huzikwa au kuchomwa pamoja na jibu lake. Muuguzi mwenye uzoefu wa wodi anaanza na akiba kubwa, kwa sababu anazijua dawa, anasoma faili la mgonjwa bila kubabaika, na amezoea kukaa na wafiwa.

Nje ya Kentucky mambo hubadilika. Ohio inataka koroneri awe daktari aliyekuwa na leseni ya jimbo hilo kwa angalau miaka 2 kabla ya uchaguzi. Louisiana nayo inataka daktari, ila parokia (ndivyo kaunti inavyoitwa huko) ambayo hakuna daktari anayekubali kiti hicho inaruhusiwa kumchagua mwingine. Georgia inaanzia umri wa miaka 25. South Carolina inataka umri wa miaka 21, cheti cha sekondari na kuwa umeishi katika kaunti mwaka mmoja, na juu ya hayo uwe na mojawapo ya sifa za kitaaluma zilizoorodheshwa, kama vile miaka kadhaa ya kuchunguza vifo au shahada inayohusiana na kazi hiyo. Huko California, katika kaunti 48 kati ya 58, sherifu ndiye koroneri pia. Nebraska imempa kazi hiyo mwanasheria wa kaunti, na Texas imewapa mahakimu wa amani katika kaunti zisizo na daktari mkaguzi wa vifo. Na ziko kaunti zilizoachana kabisa na koroneri wa kuchaguliwa zikaajiri daktari, kwa mfano Cook, yenye jiji la Chicago, tangu 1976.

Neno kwa wasomaji wenye kadi ya ukaazi. Pale koroneri anapochaguliwa kwa kura, kwa kawaida sheria humtaka awe mpiga kura aliyeandikishwa, na mpiga kura ni raia. Usijiandikishe kupiga kura eti ili utimize sharti la kazi. Asiye raia akifanya hivyo anaweza kufukuzwa nchini. Naibu mara nyingi huajiriwa, hachaguliwi, kwa hiyo masharti yake huwa tofauti. Uliza kwa maandishi ofisi ya rasilimaliwatu ya kaunti kabla hujaacha kazi uliyo nayo.

Swali: Mtandaoni nimeona koroneri anapata zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka. Katika kaunti yetu nasikia anapata kama robo ya hizo. Nani mkweli? (Msomaji, kusini mwa Indiana)

Huenda zote mbili zimeandikwa kwa nia njema, lakini ile ya mtandaoni haimhusu koroneri wako. Hifadhidata ya kazi ya Idara ya Kazi ya Marekani, iitwayo O*NET, imewaweka makoroneri katika namba 13-1041.06, ndani ya kundi kubwa la maofisa wanaosimamia utekelezaji wa kanuni. Takwimu za mshahara hutolewa kwa kundi zima, ambalo wamo pia wakaguzi wa mazingira na wa leseni. Tovuti za ajira huchukua wastani wa kundi hilo na kuubandika jina la koroneri. Ukimwona mtu anapanga maisha yake kwa namba hiyo, mwonye.

Mshahara halisi huamuliwa kwa njia tatu, na kaunti nyingine huzichanganya.

Ya kwanza ni jedwali la sheria. Ohio hupanga mshahara kwa idadi ya watu wa kaunti. Kaunti ikizidi watu 175,000, koroneri haruhusiwi kuendesha tiba ya binafsi, isipokuwa kama kabla ya kuingia ofisini aliwaarifu makamishna kwamba ataiendeleza, na atakayeendelea nayo hulipwa kiwango cha chini zaidi. Ya pili ni bajeti ya kaunti: baraza au makamishna hukaa, hupima mapato ya kodi, hupanga. Jimbo lako la Indiana liko hapa, na lina kipengele ambacho wengi hawakijui: koroneri aliye daktari mwenye leseni hulipwa mara 1.5 ya kile ambacho angelipwa asiye daktari. Lengo ni kuwavuta madaktari. Ya tatu ni malipo kwa kila kesi, ambayo bado yapo katika kaunti ndogo za kusini. Hapo mwezi wenye vifo vichache ni mwezi wa njaa, na mtu anakuwa na sababu ya kifedha ya kuhesabu kesi badala ya kuzichunguza. Tunaiona njia hiyo ya tatu kuwa mbaya kuliko zote. Pamoja na njia hizo, jimbo lenyewe linaweza kuongeza posho. Illinois humpa kila koroneri dola 6,500 kwa mwaka juu ya kile anacholipwa na kaunti.

Kuupata ukweli wa kaunti yako ni kazi ya mchana mmoja. Omba kwa karani au mkaguzi wa hesabu nakala ya azimio la mishahara la mwaka huu pamoja na bajeti ya ofisi ya koroneri. Zote ni nyaraka za umma. Usisome mstari wa mshahara peke yake. Tafuta mstari wa manaibu, wa upasuaji wa maiti, wa usafirishaji wa miili, wa maabara ya sumu na wa mafunzo. Kisha tafuta kama nafasi imetajwa kuwa ya muda wote au ya saa chache tu, na kama ina bima ya afya na pensheni. Kazi yenye mshahara mdogo na bima ya familia nzima inaweza kuizidi yenye mshahara mnono usio na kitu nyuma yake.

Mwisho, angalia tarehe. Majimbo mengi hayaruhusu mshahara wa ofisa aliyechaguliwa kubadilishwa katikati ya muhula. Katiba ya Pennsylvania inakataza kuupandisha na kuushusha vilevile. Illinois inataka mishahara ya viongozi wa kaunti wa kuchaguliwa iwe imepangwa angalau siku 180 kabla muhula haujaanza. Kwa hiyo anayetaka kiti chenye mshahara bora apeleke hoja barazani kabla ya uchaguzi. Akingoja mpaka ameapishwa, atakaa na mshahara ule ule miaka minne. Manaibu hawafungwi na kizuizi hicho, maana wao ni waajiriwa. Mshahara wao unaweza kuombewa nyongeza kila bajeti inapoandaliwa.

Swali: Mafunzo ni ya saa ngapi, na yanafundisha nini hasa? Na je, mtu asipohudhuria kunatokea nini? (Mhudumu wa gari la wagonjwa, Indiana, pamoja na wasomaji wawili wa Illinois na Ohio)

Tuanze na hesabu. Kipimo kilichozoeleka kwa kozi ya msingi ni saa 40, yaani wiki moja. Indiana na Kentucky ziko hapo. Baada ya hapo huja mafunzo ya kila mwaka: Indiana saa 8, Pennsylvania saa 8, South Carolina saa 16, Kentucky saa 18, Illinois saa 24. Ohio, kwa kuwa koroneri wake tayari ni daktari, inadai saa 16 kabla ya kushika ofisi na saa 32 ndani ya muhula wa miaka minne. Mahakimu wa amani wa Texas husoma saa 80 mwaka wa kwanza na 20 kila mwaka unaofuata, lakini saa hizo zinagawanywa na madai madogo, faini za barabarani na mambo ya wapangaji. Kifo hupata kipande tu.

Muda wa kukamilisha nao uutazame kwa makini. Illinois humpa koroneri mpya siku 30 tangu kushika ofisi aombe kujiunga na kozi, na miezi 6 tangu kuomba awe ameimaliza. Washington, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2021, inataka koroneri apate cheti cha tume ya mafunzo ndani ya miezi 12. Sheria hiyo hiyo iliondoa utaratibu wa mwendesha mashtaka wa kaunti ndogo kuwa pia koroneri, kuanzia 1 Januari 2025. Ilikuwa haki kuuondoa. Mtu mmoja hawezi kuamua kwamba hiki ni kifo cha kuuawa, kisha yeye huyo huyo amshtaki mtuhumiwa.

Asiyehudhuria hupatwa na nini? Katika majimbo mengine, karibu hakuna kitu, kwa kuwa kiti ni cha kura na hakuna bosi wa kumfukuza. Indiana imepata dawa: chombo cha fedha cha kaunti humwagiza mkaguzi wa hesabu azuie hundi ya mshahara wa koroneri mpaka mafunzo yakamilike, na manaibu nao wana sharti lao la mafunzo. Ukiwa Indiana, basi, tunza vyeti vyako vya mahudhurio kwa nakala mbili, moja kwako na moja kwa mkaguzi. Mara nyingi hundi huzuiwa kwa sababu karatasi haikufika, ingawa mtu alikaa darasani wiki nzima.

Sasa yanayofundishwa. Kozi nzuri huanzia mlangoni. Usiingie mpaka polisi waseme mahali ni salama. Piga picha kwanza za mbali, kisha za kati, kisha za karibu, na zote kabla mtu hajagusa mwili. Andika joto la chumba, hali ya madirisha, kama feni au hita ilikuwa inafanya kazi, kwa maana bila hayo joto la mwili halina maana. Damu huvilia upande wa chini wa mwili na kwa kawaida hutulia palepale baada ya saa 8 hadi 12. Mwili uliolala kifudifudi huku damu imevilia mgongoni umegeuzwa na mtu. Mwili huanza kukakamaa saa 2 hadi 4 baada ya kifo, hukakamaa kabisa kufikia kama saa 12, kisha hulegea tena. Joto kali huharakisha na baridi huchelewesha, kwa hiyo naibu anayetaja saa kamili ya kifo kwa kushika mkono wa marehemu anabahatisha.

Mikono ya marehemu ikihitaji kulindwa, hufunikwa kwa mifuko ya karatasi. Mifuko ya plastiki hufungia unyevu ndani, na unyevu huharibu vinasaba na mabaki ya baruti. Vidonge huhesabiwa kimoja kimoja na kulinganishwa na tarehe na idadi iliyoandikwa kwenye chupa: chupa ya vidonge 30 iliyojazwa siku 3 zilizopita ikibaki na 2, hiyo ni habari. Mfuko wa maiti hufungwa kwa lakiri yenye namba, na namba hiyo huandikwa katika ripoti palepale, si baadaye ofisini.

Halafu cheti cha kifo. Hapa ndipo tunapotaka msomaji akae kidogo, kwa sababu makosa ya mahali pengine yanaweza kusahihishwa na mwingine, lakini hili huenda moja kwa moja kwa familia. Kosa la kwanza ni kuandika “moyo kusimama” kama sababu ya kifo. Kila anayekufa moyo wake husimama. Hiyo ni namna mwili ulivyozimika; sababu ni ule ugonjwa au jeraha lililoanzisha mnyororo. Kosa la pili ni kuandika “sumu ya dawa” bila kuzitaja dawa zenyewe. Fentanili, dawa kali ya maumivu, ikifichwa ndani ya maneno ya jumla, idara ya afya haitajua kwamba imeingia mtaani. Kosa la tatu ni kuchanganya sababu na aina ya kifo. Aina ni tano tu: cha kawaida, cha ajali, cha kujiua, cha kuuawa, na kisichoweza kubainishwa. Neno hilo moja linaweza kumpa mjane fidia ya bima ya ajali au kumnyima. Linaweza kuanzisha kesi ya jinai au kuizika. Na anayeliandika, katika kaunti nyingi, ni mtu aliyesoma wiki moja.

Saa 40 zinatosha kumfundisha mtu asiharibu ushahidi. Hazitoshi kumfanya mchunguzi. Naibu mpya anapaswa kuandamana na mzoefu katika kesi zake za kwanza, aandike ripoti, ripoti irekebishwe, aandike tena. Mwaka 2009 Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilishauri mfumo wa koroneri uondolewe taratibu na nafasi yake ichukuliwe na madaktari wakaguzi. Ushauri huo ni mzuri, lakini madaktari bingwa wa patholojia ya kisheria wanaofanya kazi hiyo muda wote hawafiki hata elfu moja kwa nchi nzima, na ofisi za uchunguzi wa vifo zinakaribia 2,000. Kwa hali hiyo naibu aliyefunzwa vizuri ataendelea kuhitajika kwa miaka mingi.

Swali: Mimi ni naibu. Nalipwa kwa kila wito, na usiku wa zamu nakaa tu nyumbani nikisubiri simu bila malipo. Je, hiyo ni halali? Na kodi nalipaje? (Naibu, ameomba jimbo lisitajwe)

Ndugu, jibu linategemea wewe ni nani mbele ya sheria ya shirikisho ya mishahara. Koroneri aliyechaguliwa hayumo katika sheria hiyo kabisa. Naibu wake kwa kawaida yumo. Kaunti nyingine husema manaibu ni “watumishi binafsi” wa mwanasiasa, na watumishi wa namna hiyo wasio katika utumishi wa umma wa kudumu hutengwa na sheria. Lakini msamaha huo ni mwembamba, nao huwahusu walio karibu sana na kiongozi, wanaomshauri uso kwa uso. Naibu anayepangiwa zamu kwa orodha, anayetumwa na kituo cha simu za dharura na kujaza fomu, hafanani nao.

Ukishakuwa ndani ya sheria, kulipwa kwa kila wito kunaruhusiwa, ila jumla ya wiki ikigawanywa kwa saa ulizofanya kazi isishuke chini ya kima cha chini, ambacho kwa shirikisho ni dola 7.25 kwa saa. Jimbo lenye kima cha juu zaidi, hicho ndicho kinachofuatwa. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme unalipwa dola 60 kwa wito, na wiki hii ulipata mmoja tu. Uliendesha maili 40 kwa gari lako, ukakaa eneo la tukio saa 4, ukangoja gari la kuchukua mwili, ukawaarifu ndugu, ukaandika ripoti: jumla saa 9. Dola 60 kwa saa 9 ni dola 6.67 kwa saa. Tayari umeshuka. Ongeza gari: kwa kiwango cha 2025 cha IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho, senti 70 kwa maili, maili 40 ni dola 28. Kaunti hailazimiki na sheria ya shirikisho kukulipa kiwango hicho, lakini gharama unazobeba kwa faida ya mwajiri haziruhusiwi kuushusha mshahara chini ya kima. Kilichobaki mkononi ni dola 32 kwa saa 9.

Kinachowaangusha manaibu hapa ni kutokuwa na kumbukumbu. Kaunti ina kumbukumbu ya wito, ya saa haina. Anza leo daftari lenye safu tano: saa ya kupigiwa simu, saa ya kufika, saa ya kuondoka, saa ya kumaliza ripoti, na maili. Simu za ndugu wanaokupigia siku tatu baadaye nazo ni kazi, ziandike. Madai ya mishahara ya nyuma hurudi miaka 2, au 3 ikiwa mwajiri alivunja sheria kwa kusudi.

Kuhusu kusubiri nyumbani, kipimo ni jinsi ulivyofungwa. Ukiwa na simu mfukoni na unaweza kwenda sokoni, kanisani au msikitini, kulala na kucheza na watoto, kwa kawaida muda huo haulipwi. Ukilazimishwa kukaa kituoni, au kufika ndani ya dakika chache mno, au simu zikilia mfululizo kiasi kwamba huwezi kufanya lako, muda huo huanza kuwa kazi. Kwa hiyo zungumza na koroneri wako kuhusu muda wa kufika na ruhusa ya kubadilishana zamu, kabla hamjafika kwa wanasheria. Njia nyepesi kwa kaunti ni kutenga posho ndogo ya zamu kwa kila usiku, halafu saa halisi zilipwe mtu anapoitwa. Saa zikizidi 40 kwa wiki, kaunti inaweza kukupa mapumziko badala ya fedha, saa 1.5 kwa kila saa ya ziada. Yasilimbikizwe kupita kiwango cha sheria, yaani saa 240 kwa waajiriwa wengi na 480 kwa walio katika usalama wa umma na huduma za dharura.

Kodi sasa. Kama unapewa fomu ya W-2, ile ya mwajiriwa, kaunti imeshakata na kuchangia. Shida ni kwa ofisa anayelipwa kwa ada peke yake. Ada hizo IRS huzichukulia kama biashara, na kodi ya kujiajiri ni asilimia 15.3, isipokuwa kama makubaliano ya jimbo na Hifadhi ya Jamii yanamgusa ofisa huyo. Wengi hugundua mwezi wa Aprili, wakati fedha zimeshaliwa. Upande wa nafuu ni kwamba ofisa wa serikali ya mtaa anayelipwa kwa ada bado anaweza kutoa gharama zake za kazi kupitia fomu 2106, njia ambayo waajiriwa wa kawaida waliipoteza kuanzia mwaka wa kodi wa 2018. Maili zako, glovu zako, ada ya kozi uliyojilipia: tunza risiti. Na kama wewe ni naibu unayepangiwa kazi na kaunti lakini unapewa fomu 1099, ile ya mkandarasi, uliza kwa nini. Kuitwa mkandarasi hakukufanyi mkandarasi.

Swali: Je, cheti cha ABMDI kina faida, au ni karatasi tu? (Fundi wa chumba cha maiti, Ohio)

Cheti hicho, cha bodi ya kitaifa inayowathibitisha wachunguzi wa vifo, kina faida hasa kwa anayetaka kuhamia kaunti kubwa au jimbo lingine, kwa sababu vyeti vya jimbo mara nyingi havivuki mpaka. Ngazi ya kwanza inataka uwe unafanya kazi katika ofisi ya koroneri au ya daktari mkaguzi, uwe na saa 640 za uchunguzi wa vifo, kisha ufanye mtihani. Ngazi ya juu inataka saa 4,000. Cheti huhuishwa kila miaka 5, kwa saa 45 za masomo ya kuendelea.

Angalia hizo 640. Mwajiriwa wa muda wote huzimaliza kwa wiki 16. Naibu wa kaunti ndogo anayepata kesi 3 kwa mwezi, kila moja saa 4, ana saa 12 kwa mwezi. Atahitaji zaidi ya miaka minne. Saa za kulala ukisubiri simu usizihesabu. Ukiwa na haraka, omba kujitolea zamu katika ofisi ya kaunti jirani iliyo kubwa, na msimamizi akutilie saini kila kazi mwisho wa zamu. Kumwomba mtu saini za miaka miwili iliyopita ni kazi bure. Na kwako wewe fundi, kusaidia chumba cha upasuaji si sawa na kuchunguza eneo la tukio. Uulize mapema saa zako zipi zitakubaliwa.

Swali: Nimeanza unaibu bila chanjo wala vifaa. Nijinunulie? (Illinois)

Hapana. Anayekutana na damu kazini anapaswa kupewa na mwajiri, bila malipo, chanjo ya homa ya ini aina ya B ndani ya siku 10 za kazi tangu apangiwe kazi hiyo. Utaratibu uliozoeleka ni dozi tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi 1, ya tatu baada ya miezi 6. OSHA ya shirikisho, yaani wakala wa usalama kazini, haiwagusi watumishi wa kaunti. Wanalindwa pale jimbo lina mpango wake, na Illinois inao kwa watumishi wa umma. Glovu, barakoa, vifuniko vya viatu na mifuko ya maiti ni vya kaunti pia.

Swali: Baraza letu linasema halina fedha za mafunzo. Pia, je, mimi mwenye kampuni ya mazishi naweza kuwa naibu? (Georgia)

Fedha zipo nje ya baraza. Ruzuku ya shirikisho ya Paul Coverdell, inayopitia jimbo, inaruhusiwa kulipia mafunzo na ithibati za ofisi za uchunguzi wa vifo. Tafuta wakala wa jimbo lako anayeisimamia, na umpelekee ombi lenye idadi ya manaibu, jina la kozi, ada, usiku wa malazi na maili. Ombi la “tunahitaji mafunzo” bila hesabu hutupwa pembeni.

Wenye kampuni za mazishi wengi ni makoroneri na manaibu, hasa vijijini, kwa sababu wana gari, machela na uzoefu. Angalia kwanza sheria ya jimbo lako na kanuni za maadili za kaunti. Hata ukiruhusiwa, mwili ulioufuata kama naibu usiupeleke kwenye kampuni yako mpaka familia imechagua yenyewe, kwa maandishi, ikiwa imeonyeshwa orodha ya kampuni zote za eneo. Familia isiyo na chaguo ipewe kampuni kwa zamu, na daftari la zamu litunzwe na karani wa kaunti, nje ya ofisi ya koroneri.